Senetwet ya Kando ya Mtaro

Watu wa Nakuru wanapenda ndege wakiwa wamechorwa. Ingia mjini kutoka upande wowote, utakutana na flamingo: kwa ukuta wa shule, kwa mlango wa baa, kwa kibao cha kinyozi. Hata sisi wa mtaa wa Rhonda tulichorewa wetu. Vijana walikuja na ngazi na mikebe ya rangi, wametumwa na wakubwa wa mji, wakachora flamingo watatu kwa ule ukuta mrefu ulio kando ya mtaro. Wamesimama ndani ya maji ya buluu, shingo zimepinda vizuri. Hatua mbili mbele yao ni maji ya mtaro wenyewe, meusi, yana ngozi ya mafuta juu, na yale yanayoelea humo siyataji, labda wewe unayesoma unakula.

Ndege wa kweli tulio nao ni wale korongo wakubwa wenye vipara, wenye mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni. Wanatua kwa takataka, wanatembea polepole kama mtu aliyefunga mikono mgongoni, wanameza pampasi nzima nzima, halafu wanajinyea miguu yao wenyewe. Sisi tunawaita waheshimiwa. Hao hakuna mtu anawachora.

Katikati ya ukuta na mtaro, kwa kipande cha udongo kisichozidi upana wa mlango, ndipo ulikuwa mti wa mke wangu, Jerop.

Jerop alitoa mbegu zake kwetu Olenguruone, zimefungwa kwa pembe ya leso, mwaka ule tulishuka huku nikitafuta kazi. Mti wenyewe ni senetwet. Kule juu unaota kando ya kila njia, mtu hata hageuzi shingo. Maua yake ni ya manjano, yanasimama wima kama mishumaa, ncha nyeusi, na ukisugua majani yananuka kama njugu zilizoungua zikachanganywa na mbwa aliyenyeshewa. Sisi Wakalenjin hatuupandi kwa ajili ya maua. Tunakata tawi, tunalikausha, tunalichoma mpaka liwe kaa, na hilo kaa tunasugua nalo ndani ya kibuyu hadi kibuyu kiwe cheusi. Ndipo tunamwaga maziwa. Yakilala humo siku nane, tisa, yanatoka mursik: kijivu kidogo, machachu, yana moshi ndani. Jerop aliuza mursik hapo hapo kando ya mtaro, na kuna watu walikuwa wanatoka mpaka Kiamunyi kuifuata.

Mimi nilikaa kwa kivuli cha huo mti miaka kumi na sita nikikata tairi. Ni fundi wa akala, vile viatu vya tairi. Shule niliachia darasa la nne, lakini yale niliyoona kwa huo mtaro hayahitaji masomo. Bomba la maji ya kunywa linapita ndani ya maji machafu. Limetoboka, limefungwa na mpira wa baiskeli. Nilisema. Jerop alisema. Wakubwa wakaja na kamera, wamevaa gamubuti mpya ambazo hazijawahi kuona tope, wakapigwa picha wakiangalia bomba, wakaenda. Mwaka juzi Jerop alishikwa na tumbo. Siku sita, akawa amekwisha. Bomba bado limefungwa na mpira wa baiskeli.

Mwisho wa Julai binti yetu Winrose alikuja kuniona. Ndiye mtoto wetu wa pekee, anafundisha watoto wadogo huko Njoro. Alikaa kwa kibao wanachokalia wateja wangu, akaangalia mti juu mpaka chini, akasema, "Baba, watu wa Kipkoech watakuja Jumamosi ya mwisho ya Agosti."

Kipkoech ndiye kijana anayetaka kumwoa. Siku hiyo ya watu wa kijana kuja kukaa chini na watu wa msichana waongee mambo ya mahari, sisi tunaiita koito.

"Tutawakaribisha," nikamwambia.

"Itakuwa kwa baba mdogo, Kiamunyi. Hapa kwako hatutoshei."

"Sawa."

"Na sitaki uniletee kitu kingine, Baba. Nataka mursik. Ya mti wa mama."

"Senetwet imejaa Olenguruone," nikasema, nikimpima tu. "Tunaweza kutuma mtu."

"Hiyo ni ya Olenguruone. Mimi nilikua na ya mtaro." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Siku hiyo mama hatakuwa kwa kiti. Angalau awe kwa kikombe."

Nilimwambia ataipata. Neno langu likawa limetoka.

Shida ni kwamba mti ulikuwa umechanua wote. Jerop hakukata tawi lenye maua hata siku moja. Alisema maziwa yatakuwa machungu. Kwa hivyo nilihesabu siku: maua yangeanguka katikati ya Agosti, nikate, nikaushe tawi siku mbili juu ya mabati, kibuyu kipate siku zake tisa. Inatosha. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuufikisha huo mti katikati ya Agosti ukiwa safi.

Safi, Rhonda!

Sijui ni nani alifundisha wanaume wa mji kwamba mti ni choo. Mtu anapita milango mitatu ya vyoo vya kulipia, anajikaza, anakuja kukojoa kwa mti wa watu. Wiki hiyo hiyo alikuja mmoja amevaa tai, simu kwa sikio, akasimama miguu kando mbele ya macho yangu.

"Bosi, hapo hapana," nikamwambia.

"Kwani mti ni wako, mzee?"

"Ni wa bibi yangu."

"Ako wapi aje aniambie mwenyewe?"

"Alikufa."

"Basi haoni." Akamaliza polepole, akajitikisa, akashika ua moja akalivuta karibu na simu akalipiga picha. "Lakini iko poa, hii kitu. Inaitwa maua gani?"

Niliangalia lile ua. Alikuwa amelishika kwa mkono ule ule.

Wamaitha alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Huyu ni mama anayekaanga mandazi jirani na mimi, tumekaa ubavu kwa ubavu tangu Jerop akiwa hai. Ana msichana mdogo, Lynn, wa miaka minne, ambaye hulala kwa gunia la unga mama yake akifanya kazi.

"Mzee Kipkirui, utapigana na vibofu vya Rhonda yote?"

"Nitapigana, Mama Lynn."

"Wengine wanajikaza tangu Kaptembwo, wakijua kuna mti wako huku. Ungetengeneza tiketi."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya usafi. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Ndung'u, alikuja na watu arobaini, wote wamevaa fulana za kijani zimeandikwa "Mtaa Safi, Pumzi Safi". Wakubwa walituma koleo, glavu na mpiga picha. Walizibua mtaro. Hicho kitu kilichotoka humo, hata mimi niliyezoea nililazimika kuziba pua na kipande cha tairi. Tope jeusi kama grisi, pampasi, matumbo ya mbuzi kutoka buchari, kondomu, paka aliyefura, mifuko iliyofungwa fundo ambayo kila mtu wa Rhonda anajua ndani kuna nini. Na hayo yote, koleo baada ya koleo, yakawekwa wapi?

"Wekeni hapo kwa kichaka," Ndung'u alisema. "Lori inakuja saa nane."

Nilienda nikasimama mbele yake. "Ndung'u, toa hii kitu kwa mti."

"Mti gani, mzee?" Akaangalia kweli, kama mtu anayetafuta. "Aa, hiki! Si lori inakuja."

"Iko wapi?"

"Iko kwa programu."

"Na programu iko wapi?"

"Juu." Akaonyesha na kidole, vile mtu anaonyesha Mungu.

Walipigwa picha mbele ya flamingo, wamekunja ngumi, wakanywa soda, chupa wakaacha hapo hapo. Saa nane ikafika, lori hapana. Jumapili, hapana. Jumatatu watu waliona kuna rundo, na mtu wa mji akiona rundo anajua pa kutupa. Kufika Jumatano lilikuwa limenifika kiunoni. Inzi walikaa kwa tope mpaka ukadhani ni tope linatembea. Waheshimiwa walitua saba, wakawa wanatoa matumbo ya mbuzi kwa shina la senetwet wakivutana, na vijana wakasimama kuwachukua video. "Cheki vile anameza!" Walicheka. Hakuna aliyeangalia juu, ambako maua yalikuwa bado yamesimama, manjano, kama hayajui kinachotendeka chini.

Nilivaa koti langu nikaenda mjini kwa ofisi, ghorofa ya pili. Ofisi gani siitaji, wanajijua. Kijana niliyempata aliitwa Lewis, mlaini, ana kikombe chenye picha ya flamingo. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akafungua kompyuta.

"Hapo, mzee, kwa ramani hakuna mti."

"Nimekaa chini yake miaka kumi na sita."

"Ulikaa chini ya kitu, sikatai. Lakini mti ni ule tumepanda sisi, una namba. Huo wako hauna namba."

"Na takataka ina namba?"

"Takataka si dawati langu. Jaribu hapo chini."

Hapo chini mlango ulikuwa umefungwa na kuna karatasi imeandikwa kwamba wameenda kwa warsha ya mazingira, Naivasha.

Nilirudi na koleo la kuazima nikatoa hilo rundo peke yangu, hatua nne kando, siku nzima. Nilitapika mara mbili. Usiku watu wakarudisha. Asubuhi nilipata pampasi imetundikwa kwa tawi, yaani mtu ameirusha na ikashika huko juu, karibu na maua. Nilisimama nikaiangalia. Nilifikiria kikombe cha Winrose.

Hapo ndipo nilifanya kosa langu, na hili siwezi kumwekelea mkubwa yeyote.

Jerop aliacha vibuyu viwili. Kimoja kizima, kimetundikwa kwa msumari nyumbani, kimefunikwa. Cha pili kilikuwa na ufa tangu zamani, kina shanga na mkanda wa ngozi. Hicho cha ufa nilikichukua nikakifunga kwa mti na kipande cha ngozi ya mbuzi yenye manyoya, nikaongeza kitambaa chekundu. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa Olenguruone na maji baridi. Sikuomba kitu, sikusema neno. Nilijua tu watu wa mji wanaogopa nini.

Wamaitha aliona asubuhi. "Mzee, ile ni nini umefunga?"

"Kibuyu."

"Ya kufanya nini?"

"Anayekojoa hapo, mkojo utakataa kutoka siku saba." Nikasema hivyo nikicheka.

Yeye hakucheka. Alivuta karai lake la mafuta hatua mbili mbali na mimi.

Na unajua? Ilifanya kazi. Kile fulana arobaini na mpiga picha hawakuweza, kibuyu kilichopasuka kiliweza. Kufika jioni habari ilikuwa imefika Kaptembwo. Wanaume walipita wakiwa wamekaza mapaja. Hakuna aliyeongeza hata ganda la ndizi. Nilisogeza rundo tena, na safari hii likakaa nilikoliweka, mkono mmoja hivi kutoka kwa shina. Nilimwagia shina maji ya sabuni. Siku nane nilikaa kwa kazi yangu kama mtu wa maana. Maua yakaanza kuanguka, moja moja, kwenye tairi zangu. Nilipanga kukata Jumatatu.

Ijumaa Lynn alianza kuhara. Jumamosi wakamlaza na dripu.

Jumapili, nami sikujua hayo ya Lynn kwa sababu Wamaitha hakuwa ananiongelesha, nilipanda kwenda Kiamunyi kwa ndugu yangu mdogo Kipkemoi, tupange mambo ya koito. Kipkemoi amefanikiwa. Kiwanja chake chote ameweka matofali ya kabro, huoni udongo. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa nyuma ya nyumba, nikakuta kisiki.

"Huo mti ulikuwa unaniletea majani," akaniambia. "Kila siku kufagia. Sasa angalia." Akanionyesha ukuta wa sebule: amebandika nyasi za plastiki, na katikati taa imeandika neno la Kizungu. "Winrose atapigiwa picha hapo."

"Na mursik itakaa wapi?"

"Maziwa ya pakiti yapo, mzee, ya kuganda. Tunaweka kwa kibuyu yenye shanga, nimenunua moja safi kwa duka la watalii. Wageni hawajui."

"Winrose anataka ya mti wa Jerop."

"Ile ya kwa choo?" Akacheka. "Haya. Leta. Lakini usiweke kwa meza kubwa."

Nilirudi Rhonda saa kumi. Kabla ya kuona moshi nilisikia nyimbo.

Walikuwa wanawake kama ishirini, vitambaa vyeupe kichwani, na mchungaji wao wa kanisa la mabati ameinua mikono. Walikuwa wamerudisha rundo lote kwa shina ili moto ushike. Plastiki inaungua na sauti, inalia kama mtoto. Moshi ulikuwa mzito, mweusi, na harufu yake, Mungu wangu, nywele na mpira na mavi vimechomwa pamoja. Juu yake mti ulikuwa tayari umekwisha, matawi yamekunjika. Kibuyu kilipasuka mbele yangu, pah, na wanawake wakapiga vigelegele wakasema ameondoka. Nani ameondoka? Flamingo wa ukutani walikuwa wamekuwa weusi mpaka magoti.

Wamaitha ndiye alishika kibuyu kingine, cha plastiki, cha mafuta ya taa.

"Mama Lynn," nikamwita.

Aligeuka. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Mzee, Lynn ako kwa dripu."

"Ni maji. Ni bomba. Jerop alikufa na hiyo bomba wewe ukiona, ukampikia uji."

"Bomba tumekunywa miaka yote. Kibuyu imekuja juzi."

Nilitazama vipande vya kibuyu kwa moto. Miaka kumi na sita nimekaa na huyu mama, na mimi ndiye nilimwambia kibuyu kina nguvu.

Ndung'u alikuwa amesimama kando na fulana yake ya kijani, mikono mfukoni. "Pole, mzee," akasema. "Lakini angalau takataka imeisha." Akatoa simu akapiga picha pale palipokuwa na rundo, na jioni hiyo nilisikia ametuma huko juu kwamba kazi imefanyika.

Moto ulipozima nilipiga magoti nikatafuta. Mkaa ulikuwepo, si haba; senetwet yenyewe ilikuwa imegeuka mkaa, tena ilikuwa kazi niliyotaka kuifanya mwenyewe. Nilichukua kipande cha tawi la juu, nikakipasua na kisu cha tairi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaingia kwenye nyufa zote, inang'aa kama mate. Nikakwangua mpaka ndani kabisa, nikaweka punje kwa ulimi. Nilitapikia mtaroni, na mtaro haukuona tofauti.

Nilikata shina chini ya udongo, nikidhani mzizi umepona. Mzizi ulikuwa unanuka mkojo. Miaka mingapi wameumwagia? Ulikuwa umeunywa wote, na bado ukatoa maua.

Kipkemoi aliniambia kwa simu nitume mtu Olenguruone. Nilikataa. Kaa la mti mwingine ningelipata, lakini Winrose hakuniomba kaa.

Nikakaa kitandani nikiangalia kile kibuyu kizima kwa msumari. Hakuna aliyekigusa tangu Jerop aondoke. Nikakishusha, nikafungua kifuniko, nikamulika tochi ndani. Kilikuwa cheusi. Masizi yameshikana na ukuta wa ndani, tabaka juu ya tabaka, ya kila tawi alilowahi kukata, maana Jerop alikisugua kila wiki na hakuwahi kukikwangua mpaka chini. Niliweka pua. Moshi ulikuwepo, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili.

Sikukiosha. Niliogopa hata kupuliza. Nilichemsha lita mbili za maziwa na maji niliyonunua dukani, maana ya bomba siyaamini, nikaacha yapoe, nikamwaga polepole kwa ubavu wa kibuyu, nikafunika. Siku kumi na mbili sikukitikisa.

Lynn alitoka hospitali baada ya siku nne. Mchungaji alisema ni moto uliomponya. Dripu haikutajwa.

Siku ya koito watu wa Kipkoech walikuja na magari matatu, wazee kwa vijana, watu wa heshima. Kibuyu cha watalii kilikuwa katikati ya meza kubwa, shanga zinameta, na ndani yake pakiti sita za maziwa ya kuganda ambayo mke wa Kipkemoi alitia mkaa wa jikoni kidogo yapate rangi. Walimiminiwa. Wakaonja. Mjomba wa Kipkoech, mtu wa benki, alifunga macho.

"Hii ndiyo orijino," akasema. "Mnasikia moshi?"

"Tunasikia," wakaitikia wote.

"Ukikaa mji sana unasahau. Hii ni kitu ya asili kabisa." Na akainua kikombe, akapigwa picha mbele ya nyasi za plastiki.

Mimi nilikuwa kwa kiti cha pembeni, kibuyu cha Jerop katikati ya miguu yangu. Niliangalia hao watu wakilamba midomo. Walikuwa wanasikia moshi ambao haukuwepo. Hakuna mtu aliyewadanganya, Kipkemoi hakusema neno. Walijidanganya wenyewe kwa furaha.

Winrose alipita watu wote akaja akachuchumaa mbele yangu na nguo yake ya sherehe.

"Baba, yangu iko wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia lile kosa la kibuyu cha ufa, na moto, na mzizi. Sikuficha kitu. "Mti haupo," nikasema. "Hii haina kaa jipya. Ni masizi ya zamani tu ya mama yako. Labda imeharibika. Usinywe kwa kunihurumia."

Alileta kikombe chake mwenyewe. Nikammiminia. Ilikuwa nyeupe, si kijivu, na nikaona aibu. Lakini mwishoni, pale maziwa yalipoisha kumiminika, ikateremka punje moja nyeusi, ndogo kama kichwa cha sisimizi, ikaelea.

Akanywa mpaka nusu. Akafuta mdomo.

"Imechacha sana, Baba."

"Najua."

"Ya mama pia ilikuwa inachacha sana. Wateja walikuwa wanalalamika, umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Alimaliza kikombe, akatafuta ile punje na kidole, akailamba. Halafu akafunika kibuyu na kiganja chake.

"Hiki naenda nacho. Usikioshe. Nipe hivyo hivyo."

Nikampa. Kile cha meza kubwa wakamaliza, wakaomba kingine, na Kipkemoi akaenda jikoni kupasua pakiti.

Jumatatu nilirudi kwa kazi. Lori lilikuwa bado kwa programu. Pale kwa mti kulikuwa na jivu, na kijana mmoja amesimama miguu kando, anakojoa kwa jivu huku akiangalia flamingo walioungua magoti. Nilingoja amalize. Nikachukua benchi yangu, tairi zangu, nyundo na kisu, nikavivuta vyote mpaka pale, katikati ya ukuta na mtaro, nikasawazisha jivu na mguu nikakaa juu yake. Kuna harufu, sikatai, na hakuna kivuli. Wamaitha aliniangalia, akaniletea mandazi mawili kwa gazeti akaweka kwa benchi akaondoka. Sikuyala. Sikuyatupa pia.

Nimekaa hapo mpaka leo. Sasa anayetaka kukojolea mti wa Jerop atanikojolea mimi.